Kuona Bendi za Kuenzi Roki Ukumbini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mbeya na Jirani Zake

Tangu sisi wachache tulipoanza kuandaa jioni za roki hapa Mbeya, ambapo wapiga vyombo wa mjini hukaa wiki kadhaa wakijifunza nyimbo za bendi moja tu na kuzipiga zote usiku mmoja, nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale mlangoni pa ukumbi, ndani ya daladala ya Uyole, na mara nyingine nje ya kanisa baada ya ibada. Nimeona heri niyajibu kwa maandishi. Mimi si mwanamuziki. Kazi yangu ni kukata tiketi, kubeba spika na kugombana na genereta, kwa hiyo majibu haya ni ya mtu anayetazama mambo akiwa ubavuni mwa jukwaa.

Bendi ya kuenzi ni nini, na ina tofauti gani na bendi ya kopi?

Kila aliyewahi kwenda kula nyama choma Jumamosi jioni anaijua bendi ya kopi. Huanza na zilipendwa za Mbaraka Mwinshehe, ikahamia kwa Franco, na ikamalizia na wimbo uliotoka mwezi uliopita, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila mteja amepata kitu chake kabla hajaomba bili. Bendi ya kuenzi hujifunga kwa msanii mmoja au bendi moja, na hujifunga kwelikweli: mpiga solo hutafuta mlio uleule wa gitaa, mpiga drams hujifunza mahali ambapo mwenzake wa zamani alizoea kuchelewa nusu pigo, na mwimbaji hujifunza hata pumzi.

Ulaya, Marekani na Australia kazi hii imekuwa ajira kamili. The Bootleg Beatles, wanaopiga nyimbo za Beatles, walianza Uingereza mwaka 1980. Mwaka 1988 Australia ilizaa bendi mbili za aina hii ambazo bado zinatajwa, yaani The Australian Pink Floyd Show, iliyoanzia Adelaide, na Björn Again ya Melbourne, inayoenzi kundi la ABBA. Kwetu ni kazi ya jioni, baada ya watu kutoka kazini.

Kwa nini nilipe kiingilio kuona watu wakiiga, wakati wenyewe ninao kwenye simu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na aliyeniuliza mara ya mwisho alikuwa ameshika simu yenye onesho zima la Queen, bendi ya roki ya Uingereza, katika tamasha la Live Aid, lililofanyika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Sikumwomba aache kulitazama, maana zile dakika ishirini na kitu zinastahili kutazamwa hata mara mia. Nilimwambia tu kwamba simu huficha kazi. Kamera ndiyo inayochagua unachokiona, na mara nyingi humfuata mwimbaji wakati jambo lenyewe linatendeka kwenye mkono wa mpiga besi.

Nitoe mfano. Wimbo uitwao Under Pressure, ambao Queen waliutoa pamoja na mwimbaji David Bowie mwaka 1981, una mstari wa besi unaojulikana dunia nzima. Nilikuwa nikiusikia redioni tangu nikiwa shule ya msingi, nikidhani ni kitu kizito kinachodai vidole vyote kumi. Jioni yetu ya kwanza nilisimama hatua mbili kutoka kwa mpiga besi wetu, ambaye mchana hufundisha hisabati, nikaona kidole kikigonga uzi uleule, noti ileile mara sita, kisha noti moja ya chini, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichonishangaza, kwa sababu nacho alikipiga: aliubana uzi kwa ubavu wa kiganja usiendelee kulia, akahesabu kwa kidevu, akarudi palepale alipotakiwa kurudi. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeusikia mstari ule pasipo kujua kwamba nusu ya utamu wake ni mahali ambapo haupigwi.

Lipo pia jambo la nyimbo ambazo wenyewe hawakuzifikisha jukwaani. Beatles waliacha kufanya ziara baada ya onesho la San Francisco la tarehe 29 Agosti 1966, na albamu yao ya Sgt. Pepper ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa na vinanda, matarumbeta na fidla nyingi ambazo vijana wanne hawangeweza kuzibeba ukumbini. Kwa hiyo mtu anayetaka kuisikia albamu ile ikipigwa yote moja kwa moja, mbele ya macho yake, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hana pa kwenda isipokuwa kwa wanaoienzi. Hapo neno kuiga halitoshi tena, kwa sababu hakuna onesho la asili la kuigwa.

Kuhusu kiingilio chenyewe, hakizidi bei ya wali kuku na soda.

Je, haya si mambo ya Wazungu? Sisi wa Nyanda za Juu Kusini yanatuhusu nini?

Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Sidai kwamba muziki wake ni wa Kitanzania, kwa maana alisoma India na bendi yake ilizaliwa London mwaka 1970, lakini mtu anayesema kwamba huyu ni wa mbali mno nami humuuliza ni lini Unguja imekuwa mbali.

Tuangalie na upande wa pili wa ramani. Tunapakana na Zambia, ambayo katika miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake yenyewe iliyokuja kuitwa Zamrock, yenye magitaa yanayokwaruza, midundo ya nyumbani na maneno ya Kiingereza yakichanganywa na lugha za kule. Mwimbaji wa bendi ya WITCH, Emmanuel Chanda, anajulikana mpaka leo kwa jina la Jagari, ambalo ni Jagger, yule mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones, aliyepewa vokali za kwetu. Reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa miaka hiyohiyo, na anayepanda treni hapa Mbeya anaweza kushuka Kapiri Mposhi, ndani kabisa ya nchi iliyokuwa ikipiga roki wakati wazazi wetu wakicheza dansi. Dar es Salaam nako kulikuwa na Sunburst, vijana waliochanganya roki na ngoma za Kiafrika. Muziki huu ulishafika jirani na kwetu zamani. Ni sisi tuliokuwa tumegeuza sikio upande mwingine.

Jambo la tatu ndilo ninaloliamini zaidi. Ustadi wa kumsikiliza anayeenzi tunao tayari. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, iliyovuma miaka ya 1980 ikiwa na pacha wawili, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Nilikuwa Iringa jioni moja, maeneo ya Miyomboni, vijana wakipiga nyimbo za bendi hiyo, na mzee aliyekuwa meza ya jirani hakugusa chakula chake kwa wimbo mzima. Ulipokwisha alimwita mpiga solo kwa kidole, akamwambia kwa upole, “Mwanangu, hapo gitaa halimkatizi mwimbaji. Linamngoja amalize, ndipo lijibu.” Kijana aliitika, “Sawa, mzee,” na alipourudia saa nne usiku alingoja. Mzee yule hajawahi kusikia neno la Kiingereza linalotumika kwa bendi za kuenzi, lakini katika kazi hiyo ya kusikiliza ni bingwa. Anayeweza kuwasikiliza Tancut namna ile anaweza kuwasikiliza Queen kesho.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nitaelewa?

Utaelewa vya kutosha. Tumecheza muziki wa Kilingala kwa vizazi vitatu bila kamusi.

Nimeambiwa roki ni muziki wa shetani. Mnalijibuje hilo?

Naliheshimu swali hili, kwa kuwa wengi wanaoliuliza hawana nia ya kugombana bali wana watoto wanaowalea. Zipo bendi za roki zilizotumia picha za kutisha kwa makusudi ili ziuze, na wapo wasanii ambao maisha yao siwezi kumpendekezea kijana yeyote. Ila wapo wa namna hiyo pia katika miziki ambayo hatuitilii shaka. Sisi huchagua nyimbo mapema na kubandika orodha mlangoni, kila mzazi aisome kabla ya kulipa. Niongeze kwamba wapiga vyombo wetu karibu wote wamejifunzia kanisani, na kwamba mpiga kinanda wetu hutuacha kabla ya saa tano usiku kila Jumamosi kwa sababu asubuhi ana ibada ya kwanza. Aliyebaki na wasiwasi aje siku ya mazoezi, asikilize bure, kisha aamue mwenyewe.

Je, lazima wafanane sura na mavazi na wenyewe?

Si lazima, na kwa maoni yangu mara nyingi huharibu. Mwaka wetu wa kwanza mwimbaji alikuja na masharubu ya kubandika kama ya Mercury, na wimbo wa tatu ulipofika jasho lilikuwa limeyashusha hadi kwenye mdomo wa chini, ikabidi ayang’oe na kuyatia mfukoni katikati ya ubeti. Watu walicheka, naye akaimba vizuri zaidi baada ya hapo. Tangu siku hiyo tumebaki na ishara moja tu, ile fimbo ya maikrofoni iliyokatwa nusu aliyoizoea Mercury, ambayo fundi wa kuchomelea vyuma pale Mwanjelwa alitutengenezea kutokana na bomba la maji.

Wenzetu wa nje wametofautiana katika jambo hili. The Musical Box wa Kanada, wanaoenzi bendi ya Genesis ya enzi za mwimbaji wake Peter Gabriel, hurudia hadi mavazi na picha zilizokuwa zikioneshwa nyuma ya jukwaa. The Iron Maidens wa California, walioanza mwaka 2001, wote ni wanawake, wakati Iron Maiden wenyewe ni wanaume watupu, na hakuna anayetoka pale akilalamika kwamba sura hazikufanana. Ninaloliangalia mimi ni kama mpigaji ameuelewa wimbo kiasi kwamba hata akikosea anakosea kwa namna ambayo mwenyewe angeweza kukosea.

Wenye nyimbo wanalionaje jambo hili? Si wizi?

Kisheria, mtunzi ana haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kupigwa hadharani, na hapa kwetu haki hiyo imo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa hiyo mwenye ukumbi anapaswa kuwauliza COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, mahali pa kupata kibali kabla ya kubandika tangazo, na mwandaaji anayeona hilo ni jambo la baadaye atajikuta akilieleza mbele ya afisa usiku wa onesho, jambo ambalo si raha.

Kwa upande wa moyo, wasanii wengi wameonesha kufurahi. David Gilmour wa Pink Floyd alipofikisha miaka hamsini mwaka 1996, waliopiga kwenye sherehe yake walikuwa The Australian Pink Floyd Show. Mwaka huohuo Oasis waliwaalika The Bootleg Beatles kwenye maonesho yao makubwa ya Knebworth. Miaka minne kabla ya hapo Björn Again walipiga kwenye tamasha la Reading, ambako Nirvana ndio waliowataka. Naye Roger Taylor, mpiga drams wa Queen, hakungoja wengine wamuenzi, bali alianzisha mwenyewe kundi rasmi la kupiga nyimbo za bendi yake, lililotoka ziara mwaka 2012.

Wapo pia waliovuka kamba. Tim Owens wa Ohio alikuwa akiimba katika bendi iliyoenzi Judas Priest, na mwaka 1996 Judas Priest wenyewe walimchukua awe mwimbaji wao. Arnel Pineda alikuwa akiimba kopi katika kumbi za Manila, Ufilipino, na mwaka 2007 mpiga gitaa wa bendi ya Journey alimwona kwenye video za intaneti akamwita Marekani awe mwimbaji wao. Vijana wetu wanaijua hadithi ya Pineda kwa moyo, na sina haja ya kuwaambia ni mara ngapi wameniomba nipandishe video zao.

Kila kitu kinapigwa moja kwa moja, au kuna kanda inayosaidia nyuma?

Jibu hili litakuwa refu, kwa sababu linagusa jambo ninalojivunia. Wimbo wa Queen wa mwaka 1975 uitwao Bohemian Rhapsody una sehemu ya katikati ambayo ni opera, yenye sauti nyingi zinazojibizana. Studioni sauti hizo ziliimbwa na watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliozirundika tabaka juu ya tabaka mpaka zikawa jeshi. Jukwaani watu watatu hawawezi kuwa jeshi. Ndiyo maana Queen wenyewe walikuwa wakiondoka jukwaani sehemu hiyo inapofika, taa zikicheza na kanda ikisikika, kisha wakarudi kwa kishindo gitaa linapolipuka. Mtu akiona bendi ya kuenzi ikifanya vivyo hivyo asiseme ameibiwa, kwa kuwa ameona jambo lenyewe lilivyokuwa.

Sisi hatukuwa na kanda nzuri, lakini tulikuwa na kitu ambacho huku hakijawahi kupungua, nacho ni kwaya. Mama mmoja anayefundisha kwaya alikubali kusikiliza, akaomba simu yangu akae nayo siku mbili, akarudi na daftari la noti za tonic sol-fa alizoziandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu: soprano, alto, tena na besi. “Mwanangu, hii si ngumu,” aliniambia, “ni mazoea tu, waimbaji wangu wameimba magumu kuliko haya wakati wa Pasaka.” Alileta waimbaji kumi na wawili. Walisimama nusu duara nyuma ya drams wakiwa na masweta yao ya kawaida, na ilipofika mahali ambapo wimbo unatamka neno “Bismillah”, ukumbi mzima, Wakristo kwa Waislamu, uliinua kichwa kwa pamoja kama watu walioitwa kwa majina. Sehemu ile nimeisikia redioni tangu utotoni, lakini usiku huo ndipo nilipoelewa kwamba ni mabishano, upande huu ukimtaka mtu aachiwe na upande ule ukikataa, kwa sababu niliwaona besi wakiwakunjia uso soprano.

Mengine yote yanapigwa moja kwa moja, pamoja na makosa yake.

Mpiga solo wenu anapiga kwa sarafu. Ni mbwembwe?

Si mbwembwe. Brian May hutumia sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita badala ya plastiki ya kupigia, na gitaa lake alilitengeneza na baba yake kuanzia mwaka 1963, shingo yake ikitokana na mbao za sehemu ya kuotea moto. Ukingo wa sarafu hukwaruza uzi na kuongeza mlio mkavu mwanzoni mwa kila noti. Mpiga solo wetu alianza na sarafu ya shilingi hamsini, akakata nyuzi mbili katika wimbo mmoja, na sasa ameisugua kwa msasa hadi imekuwa laini. Keti upande wa kushoto wa jukwaa uisikie tofauti.

Kelele zake zitaniumiza masikio?

Zinaweza, na sipendi waandaaji wanaolichukulia jambo hili kwa mzaha. Wataalamu wa usalama kazini huchukua desibeli 85 kuwa kiwango ambacho mtu anaweza kukaa nacho kwa saa nane, na wengi wao hukata muda huo kwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli tatu, kiasi kwamba kwenye desibeli 100 unabaki na robo saa. Onesho la roki hufika hapo bila shida. Nunua vizibo vya masikio dukani, kwa sababu pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana, usisimame mbele ya spika, na mtoto mdogo mkalishe nyuma kabisa au umwache nyumbani.

Wengi hufikiri mahali pazuri ni mbele, lakini sauti iliyo sawasawa hupatikana karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kuwa yeye hupanga kila kitu kwa masikio yake akiwa pale. Mbele nenda kwa wimbo mmoja au miwili, uone mikono, kisha urudi.

Nivae nini?

Sweta. Mwezi wa Juni na Julai ongeza koti, maana ukumbi huwa na joto hadi saa nne na nje kunasubiri baridi ya Mbeya. Wanaotoka Njombe hawahitaji kuambiwa.

Ninaruhusiwa kumtunza mwanamuziki jukwaani kama kwenye dansi?

Mwanzoni tulikataza, tukidhani roki haina desturi hiyo, na tulikosea. Mama mmoja alipanda na noti ya elfu kumi, akakuta mlinzi amemzuia, akarudi kitini kwa unyonge ambao uliharibu meza nzima. Sasa tunaruhusu kwa utaratibu: panda sehemu ya gitaa peke yake, si wakati mwimbaji anaimba, weka fedha kwenye kapu lililo miguuni pa mpiga kinanda, na usimbandike mtu noti kwenye paji la uso akiwa katikati ya solo. Kuomba wimbo hakuruhusiwi, kwa sababu orodha imeshapangwa na bendi haijui nyimbo nyingine.

Naweza kurekodi kwa simu?

Wimbo mmoja, ukiwa umezima taa yake. Ukishika simu juu usiku mzima, aliye nyuma yako anatazama kiwiko chako.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Tunayo genereta, na mara moja genereta hiyo ilizimika dakika mbili baada ya kuwashwa kwa sababu aliyekabidhiwa fedha za petroli alikuwa amenunua nusu ya tulichokubaliana. Aliyekabidhiwa nilikuwa mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ukumbi uliingia giza, gitaa likafa katikati ya noti, na nikasikia viti vya plastiki vikianza kusogezwa na watu wanaotafuta mlango.

Mpiga drams hakusimama. Alianza kupiga taratibu, mguu mara mbili na mkono mara moja, mguu mara mbili na mkono mara moja, na watu wakautambua wimbo kabla hajamaliza mzunguko wa tatu. Wimbo huo, We Will Rock You wa Queen wa mwaka 1977, ulirekodiwa kwa watu kukanyaga mbao na kupiga makofi, na karibu wote hauna chombo kingine, gitaa likiingia mwishoni tu. Ni kana kwamba ulitungwa kwa ajili ya mitaa yenye mgao. Watu waliokuwa wanaelekea mlangoni waligeuka. Sakafu ya ukumbi ule ni ya saruji, haitoi mlio, ila upande wa baa kuna jukwaa la zamani la mbao, na waliokuwa juu yake walikanyaga hadi glasi zikahama mezani. Mwimbaji aliimba pasipo maikrofoni, sauti ikimkauka, na ubeti wa pili ulipoanza hakuwa anaongoza tena, alikuwa anafuata. Nilikuwa nje na dumu mkononi, nikimngoja bodaboda arudi na petroli, na niliisikia nyumba nzima ikigonga kama moyo. Bodaboda aliporudi aliniuliza, “Kaka, mbona mnasema umeme hakuna?”

Taa ziliwaka baada ya dakika kumi na mbili hivi. Wapo walioniambia baadaye kwamba wangependa zichelewe kidogo zaidi.

Sisi wa Iringa, Njombe au Tukuyu tungependa kuanzisha yetu. Tuanzie wapi?

Chagueni bendi moja ambayo angalau wawili kati yenu wanaipenda kiasi cha kuudhi, kwa sababu mtasikiliza wimbo mmoja mara mia mbili, na asiyeupenda ataacha wiki ya tatu. Msichague kwa umaarufu bali kwa sauti mliyonayo. Kama mwimbaji wenu ni wa sauti nzito, acheni Led Zeppelin, ambao mwimbaji wao huimba juu sana, mtamuumiza koo bure. Kama mna kwaya nzuri na kinanda, Queen na Beatles wanawafaa. Kama mna mpiga solo mvumilivu na fundi mitambo mwenye akili, jaribuni Pink Floyd, ambao nyimbo zao huenda polepole lakini zinadai usahihi wa mlio kuliko kasi.

Anzeni na nyimbo tano, zipigwe kati ya nyimbo za kawaida za bendi ya kopi, muone watu wanafanya nini. Kila mmoja ajifunze sehemu yake peke yake kwa kuisikiliza kwenye vifaa vya masikioni, maana spika ya simu huficha besi yote, na mpiga besi aliyejifunza kwa spika ya simu huwa amejifunza wimbo mwingine. Vyombo vikodini, msinunue. Rekodini mazoezi yenu, mkayasikilize siku ya pili asubuhi mkiwa hamjachoka wala hamjasifiana. Nyimbo zetu tano za kwanza zilichukua miezi mitatu, na ya sita ikachukua mingine miwili kwa sababu mpiga kinanda wa wakati huo alipata uhamisho wa kazi kwenda Songea.

Mwenye swali la bei za kukodi spika na miksa aje siku ya onesho saa nane mchana, kabla hatujaanza kupima sauti, kwa kuwa baada ya hapo simsikii mtu.